Nimemwita mwalimu wangu mashine mbovu, na mnaijua programu iliyoniponza

Mkalimani wa Area C:
Wakuu, naandika huku mikono ikitetemeka. Programu ile ya kuandikia, ambayo hakuna mtu humu asiyewahi kulia nayo, asubuhi hii imenifanya nimwite mwalimu wangu wa Kichina mashine ya kizamani iliyoharibika. Jina lake silitaji, mnaijua.

Nilikuwa nimetafsiri maelezo ya mashine za ujenzi, na chini ya faili hilohilo nikaanza barua ya heshima kwa mwalimu. Kichina tunakiandika kwa pinyin: unagonga matamshi kwa herufi za Kilatini, orodha inatokea, nawe unachagua. Ukigonga laoshi unaletewa 老师, yaani mwalimu, lakini pia 老实, mwaminifu, 老是, kila mara, na 老式, ya kizamani. Kwa kuogopa kukosea nilikwenda polepole, nikachagua 老 kwanza, kisha nikaanza kugonga shi. Hapo ndipo programu ilipofungua dirisha lake la kukisia maneno juu ya orodha yangu, na nilipobonyeza kitufe cha nafasi ili nichague 师, ikakinyakua na kujaza 老式机器已经坏了. Mashine ya kizamani imekwisha kuharibika! Nami, macho yakiwa kwenye vitufe, nikaongeza 您好 na kutuma.

Mama mtu mzima, aliyenisahihisha toni nne za matamshi ya Kichina mwaka mzima bila kuchoka, amepokea barua inayosema: "Mashine ya kizamani imekwisha kuharibika, hujambo." Hujambo, wakuu! Nimezeeka miaka ishirini tangu saa tatu, na upepo wote wa Dodoma haujanipoza.

Chanzo ni kwamba Kichina hakiachi nafasi kati ya neno na neno, ilhali programu ile inadhani neno ni chochote kilichomo kati ya nafasi mbili, kwa hiyo sentensi yangu nzima ya mashine iliihesabu kuwa neno moja linaloanza na 老.

Zabibu za Hombolo:
Pole mkuu, ingawa nimecheka mpaka wateja wamegeuka. Nani hutuma barua kwa mwalimu bila kuisoma? Zima ukamilishaji unaojitokeza wenyewe, yaani programu kukumalizia neno bila kuombwa, ubakize ule unaouita kwa kitufe.

Mkalimani wa Area C:
Niliuzima mwezi uliopita! Programu ilijisasisha usiku, ikauwasha tena bila kuniuliza. Tena si mashine tu, ni ya kizamani, tena imeharibika, tena hujambo!

Dada wa Makole:
Kaka, shukuru kwamba barua yako ilisomeka. Mimi nililetewa faili lililohifadhiwa kwa GB2312, ule usimbaji (namna ya kuhifadhi herufi kwa namba) wa mwaka 1980 wenye herufi 6,763 za Kichina, na programu hiyohiyo ikalifungua kana kwamba ni UTF-8, usimbaji mwingine kabisa. Ukurasa mzima ukawa alama za kuuliza. Nikalihifadhi kabla sijatambua, na maandishi ya awali yakapotea moja kwa moja. Kazi ya siku nne.

Fundi wa Nzuguni:
Nyote mnakililia Kichina, na Kiswahili nani atakililia? Neno letu hubadilika kichwani: nilimpikia, ulimpikia, tutawapikia. Programu inakisia kwa kuangalia mwanzo wa neno, na mwanzo ndio usiotulia. Kila nikigonga tuta inaniletea "tutakutana" niliyoiandika juzi, hata ninapoandika kuhusu matuta ya viazi.

Zabibu za Hombolo:
Hilo la matuta limenikuta hata mimi. Ingekuwa inatambua shina la neno, pika au lima, tungepumzika.

Mkalimani wa Area C:
Wakuu, mwalimu amejibu. Anauliza ni mashine ipi.

Fundi wa Nzuguni:
Shina peke yake halitoshi, Zabibu. Kuna pikia, pikiwa, pikishwa, na zote zinahitaji kukisiwa mwishoni pia.

Dada wa Makole:
Kabla hamjaenda mbali, nani anajua duka la kuchapisha hapa mjini lenye fonti ya Kichina? La jirani yangu linatoa viboksi vitupu, na wananitoza ukurasa uleule.

Fundi wa Nzuguni:
Dada, wapelekee PDF iliyobeba fonti ndani yake, usiwapelekee faili la kuhariri. Wakikataa, njoo Nzuguni kabla ya saa kumi.