Paka aliyehasiwa bado anampanda mwenzake: ubwana au ugonjwa?

Mke wa Langoni:
Assalamu alaykum wapenzi wa paka. Nina madume mawili ndani, hapa Langoni, Lamu. Kashata ndiye mkubwa, alihasiwa baada ya kuzurura vichochoro vyote na kuacha watoto kila mtaa. Tui bado kijana, hajahasiwa. Siku hizi kila baada ya Maghrib Kashata humrukia mwenzake, akamng'ata ukosi, akampanda na kukanyagakanyaga kwa miguu ya nyuma kama anayekanda unga. Tui hutulia tuli, masikio yamelala. Kisha wanaachana, kila mtu na kidaka chake. Mavyaa wangu akija anageuza uso ukutani, asema nyumba imeingia balaa. Huyu si alishatolewa mapumbu? Sasa ataka nini?

Chokaa:
Mpeleke gatini boti za samaki zikiingia, atasahau yote 😂

Mzee wa Paka, Malindi:
Waalaykum salaam dada. Mwambie mama hakuna balaa. Kuhasi kunaondoa homoni, lakini dume aliyekwisha kupanda majike kabla ya kisu mara nyingi anabaki na mazoea. Kung'ata ukosi na kukanyaga ni vitendo vile vile vya kupandana, ila hapa havitafuti watoto. Paka akijaa wasiwasi au nguvu zisizo na kazi, humtolea aliye karibu.

Hilo la ubwana watu wanalikuza. Paka hawana ngazi moja ya wakubwa na wadogo. Kaa pale soko la samaki utazame: anayempisha mwenzake kwenye kichwa cha changu ndiye huyo huyo atakayemfukuza kwenye kivuli cha baraza. Kila kitu na mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe ni aliyetangulia. Na Tui kutulia si kwamba amefurahi. Akibanwa ukosi mwili hulegea, kama anavyolegea mtoto akibebwa na mamake. Masikio yaliyolala ndiyo yanayosema ukweli.

Kwa hiyo nauliza: ni nini kimebadilika nyumbani? Paka mgeni, mtoto mchanga, fundi, chochote. Na Tui ahasiwe. Harufu ya dume kamili inamchokoza mkubwa, na muda si mrefu Tui mwenyewe ataanza kurusha mkojo kwenye kuta. Ila baada ya kuhasiwa asikutane na jike kwa wiki kadhaa, mbegu huwa bado zimo. Huku kwetu karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, majike hushika mimba mwaka mzima.

Jambo moja usilichezee. Ukimwona yeyote anakwenda kwenye sanduku la mchanga mara kwa mara, anakamua na mkojo hautoki, au anajilamba uume bila kuacha, ni daktari wa wanyama siku hiyo hiyo. Dume akiziba njia ya mkojo anaweza kufa kwa siku mbili tu.

Mke wa Langoni:
Shukran kaka. Kubadilika... lipo dume la njano, sijui la nani, limezoea kukaa juu ya ukuta wa kiwanda, yaani ua wa nyumba, jioni napara samaki. Kashata hulitazama mkia ukipigapiga sakafu. Sikuwahi kuunganisha mambo haya mawili! Nimpige akimpanda Tui?

Mzee wa Paka, Malindi:
Ndilo hilo dume. Kashata hawezi kulifikia ukutani, hasira inamwangukia Tui. Usimpige wala usimmwagie maji, atazidi wasiwasi na ataanza kukuogopa wewe. Samaki wapare mchana, maji ya shombo yasibaki kiwandani. Kabla ya Maghrib funga unyoya wa kuku kwenye kamba, mkimbize Kashata mpaka aheme, kisha mpe chakula. Akimwendea Tui, vuta kamba mbele yake kabla hajashika ukosi. Wakishashikana usitie mkono katikati, utang'atwa. Angusha mto kando yao.

Bint Shela:
Naongeza: wanatumia sanduku moja la mchanga? Weka moja kwa kila paka na jingine la ziada, na yasikae pamoja. Mkubwa akilala mlangoni mdogo hapiti.

Mke wa Langoni:
Ni moja, chini ya ngazi, na Kashata hulala ngazi ya kwanza. Naweka jingine darini leo leo. Mavyaa nitamwambia ni dume la njano.