Kujisomea urolojia nikiwa Pemba: nilipie kozi ya Wamarekani au niache?

Mpasuaji_Mkoani

Assalaam alaykum. Mie ni daktari wa upasuaji. Urolojia nimeisomea bara, sasa nimerudi kwetu Pemba.

Leseni inataka kuhuishwa na pointi za kujiendeleza zinatakiwa. Mikutano ya maana iko Dar, Arusha, Nairobi. Nikiondoka, mzee akibanwa mkojo usiku na mpira wa kutolea mkojo ukikataa kupita, atakayemtoboa kibofu ni nani? Bado hujatia ruhusa, nauli ya boti, gesti na ada ya mkutano wenyewe.

Mwenzangu aliyeko nje kaniambia nijiunge na masomo ya kusomea nyumbani ya AUA, chama cha wataalamu wa mkojo wa Marekani. Masomo 40 kwa mwaka, kila moja lina maswali mwishoni, ukifaulu unapata cheti. Malipo kwa dola, na kwa mshahara wangu si haba. Nimelisoma somo moja la mfano. Zuri, sikatai, ila nusu yake ni upasuaji wa roboti. Wagonjwa wangu ni wazee wa tezi dume wanaokaa na mpira miezi, vijana walioanguka mikarafuuni na mrija wa mkojo ukaziba, na hao wa damu kwenye mkojo ambao hawaishi.

Pesa hii itanifaa? Na baraza letu litazikubali pointi zake? Intaneti yangu ni ya usiku, watu wakishalala.

BandoLimekata

Wa alaykum salaam. Mie niliwahi kulipia kozi ya video ya kampuni moja ya nje, si hao AUA. Pesa walikata papo hapo, video ndiyo ikawa inazunguka tu mpaka bando likaisha. Kuwaandikia, jibu lao ni kuwa tatizo liko kwangu. Ukilipa, lipia kitu cha kusoma, usilipie cha kutazama.

Dk_Mstaafu_Ngambo

Mwanangu, nimestaafu lakini bado nasoma, na nilisoma miaka mingi nikiwa peke yangu kwenye wodi, kwa hiyo nitakwambia ninavyoona mimi.

La baraza kwanza, maana ni jepesi. Baraza la madaktari la Zanzibar ni mbali na lile la Tanganyika, afya si jambo la Muungano. Usisikilize aliyeko Dar anayekwambia "kwetu wanakubali". Waandikie kwa barua, taja jina la kozi na anayeitoa, uliza watazihesabu vipi, na usitoe hata senti kabla hujapata jibu la maandishi. Barua hiyo iweke kwenye faili lako.

Sasa pesa. Vingi unavyotaka kuvinunua viko bure. Miongozo ya EAU, chama cha Ulaya, inahuishwa kila mwaka na unaisoma kwenye tovuti yao bila kulipa. Miongozo ya AUA nayo iko wazi. Majarida yanayouzwa ghali yanapatikana kupitia HINARI, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani 2002, na Tanzania imo. Ila HINARI haimpi mtu mmoja mmoja neno la siri, inaipa taasisi. Muulize mkutubi wa SUZA, chuo kikuu chetu cha Zanzibar, au mganga mkuu wako aisajili hospitali ikiwa haijasajiliwa. Na kama uko chini ya COSECSA, chuo cha wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, wana jukwaa lao la School for Surgeons, lenye mijadala ya wagonjwa wanaofanana na wa kwetu.

Kama bado mkono unawasha, lipia maswali. AUA hao hao wanatoa mtihani wa kujipima unaoitwa SASP, maswali 150 kwa mwaka, na kila swali linakuja na maelezo ya kwa nini hili ni jibu na yale si majibu. Somo unaweza kulisoma huku unasinzia ukajiona umeelewa. Swali halikuachii.

Lakini la muhimu ni unavyosoma, na hapa ndipo wengi wanapoteza muda. Usianze na somo namba moja ukateremka mpaka arobaini. Anza na faili la mgonjwa uliyemwona leo.

Chukua damu kwenye mkojo. Mwongozo wa AUA wa 2020 unasema damu isiyoonekana kwa macho ni chembe nyekundu 3 au zaidi kwenye uwanja mmoja wa hadubini, kisha unawagawa watu kwa umri, sigara walizovuta na wingi wa damu, ndipo ujue nani umwingize kamera kwenye kibofu na nani umpime tena baadaye. Umeandikwa kwa mtu wa Chicago. Kwako Pemba, mbele ya yote hayo liko swali la kichocho. Mgonjwa alikulia karibu na kijito gani? Alikuwa akioga huko utotoni? Mkojo wake umechukuliwa saa ngapi? Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na wewe ukimchukua mkojo alfajiri maabara watakuandikia "hakuna" na wewe utaamini. Chujeni mililita 10, msitazame tone moja tu.

Kichocho kimepungua sana visiwani kwa miaka hii, tangu juhudi za ZEST, za kukitokomeza Zanzibar, zilipoanza 2011, na hilo limeleta tabu yake. Madaktari vijana hawakifikirii tena. Mtu wa miaka hamsini hana yai hata moja kwenye mkojo, lakini ukimpiga eksirei ya kawaida unaona ukuta wa kibofu umejaa chokaa, na altrasaundi inaonyesha figo zimevimba maji kwa sababu mirija ya kutoka kwenye figo ina makovu. Praziquantel, dawa ya kichocho, ya miligramu 40 kwa kilo inaua mdudu, kovu haliondoi. Na saratani ya kibofu ya mtu huyo huenda ikawa ile ya seli bapa, siyo inayozungumzwa kwenye masomo ya Wamarekani. Shirika la utafiti wa saratani, IARC, lilikitia kichocho cha mkojo kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1994. Ukienda kichwa kichwa na somo la BCG, dawa ya kutia ndani ya kibofu chenye saratani ile nyingine, utamtia mtu huyo dawa isiyo yake. Kwa hiyo lisome somo lao, jibu maswali yao kama wanavyotaka wao, kisha pembeni andika kwa kalamu: kwetu je?

Tezi dume vivyo hivyo. Utakutana na kurasa za leza mpaka uchoke. Zipitie. Kisha tafuta kwenye mwongozo wa EAU pale wanaposema tezi inayozidi mililita 80, kama huna leza wala mashine ya umeme ya bipola ya kuimenyea kupitia njia ya mkojo, upasuaji wa wazi ni njia ya kumpa mgonjwa. Sentensi hiyo ni yako, na siku mgeni kutoka nje akikushangaa kwa kufungua tumbo, msomee. Na kama mnakwangua tezi kwa mashine ya umeme ya monopola, somo la maji ya glaisini ya kusafishia kibofu kuingia kwenye damu na sodiamu kushuka lisomeni nyote pamoja na mtu wa usingizi. Kwake lina faida kuliko kwako.

Vijana wa mikarafuu. Anayeteleza akatua kwa mapaja juu ya tawi, damu ikachungulia kwenye tundu la mkojo, huyo asisukumiwe mpira kwa nguvu na mtu yeyote. Toboa juu ya kinena, mtulize, mpige picha ya dawa baadaye. Na mrija ukishaziba, AUA tangu mwongozo wao wa 2016 wanasema wazi kuwa ukishaupanua au kuukata kwa ndani ukajifunga tena, usirudierudie, mtengenezee mrija kwa upasuaji. Kule kwetu nimeona vijana wanapanuliwa kila msimu wa karafuu mpaka wanaoa. Kuutengeneza kwa utando wa ndani ya shavu hukujifunzi kitandani, hilo nakubali. Kwa hilo kata tiketi uende hospitali ya KCMC Moshi, ambako Urolink, kundi la wataalamu wa mkojo wa Uingereza, wamekuwa wakija kufundisha. Pesa ya roboti itie huko. Na timu ya Jiangsu, Wachina hawa walio Zanzibar tangu 1964, ikija na mtaalamu wa mkojo, usibanduke ubavuni kwake.

Bi_Mkuu_wa_Wodi

Dokta samahani, mie muuguzi, nitasema langu. Nyinyi mkisoma mnasomea vyumbani, na mpira unaushughulikia nani?

Juzi nimempokea mzee katoka na boti. Mfuko wa mkojo kautia kwenye kikapu cha ukindu, kikapu kakipakata, na mpira kaufunga na utambi wa kanga usionekane, aibu. Safari nzima mfuko uko juu kuliko kibofu, mkojo unarudi ulikotoka. Kafika anatetemeka kwa homa. Aliyemruhusu hakumwambia kuwa mfuko ukae chini, na tarehe ya kubadilisha mpira haikuandikwa popote.

Somo lolote utakalolisoma, dokta, njoo utupe robo saa asubuhi tukipokezana zamu. Hatutaki cheti. Na hiyo ya kutosukuma mpira palipo na damu, iandikwe kwa Kiswahili ibandikwe ukutani, maana usiku wanaoitwa mwanzo ni sisi.

Mpasuaji_Mkoani

Shikamoo Mzee, na ahsante sana Bi Mkuu, hilo la ukutani nitaliandika mwenyewe. Barua ya baraza inakwenda Jumatatu. Masomo 40 nimeyaweka kando, nitachukua hayo maswali.

Nina moja limebaki. Nikiyafanya peke yangu nitajidanganya, nitachungulia majibu. Kuna wa Unguja anayeweza kukaa nami kwa simu?

Dk_Mstaafu_Ngambo

Marahaba. Nipo mimi, na kuna vijana wawili wa hospitali ya Mnazi Mmoja niwaulize, nao wana kiu hiyo hiyo. Tukutane kwa simu Jumapili baada ya Isha. Wewe lete maswali kumi na faili moja la mgonjwa wa mawe ya figo, jina lake lifiche. Majibu niletee mimi usiku wa kuamkia, wewe usiyafungue.

BandoLimekata

Simu ya sauti tu lakini, ya video mtanitoa.