Barua ya chuo kwa benki: anwani ya hapa au ya Wete?

Mwanafunzi, London

Assalaam aleykum wakubwa zangu. Jana nimeanza masomo ya usanifu. Kabla ya darasa, saa tatu asubuhi, nilikuwa benki kufungua akaunti, na pasipoti, CAS (hati ya chuo ya kuombea viza) na barua ya chuo. Wamenirudisha, maana barua ina anwani ya nyumbani, Wete, Pemba, na mimi nimejaza ya chumba changu cha hapa. Nilipoomba chuo sikuwa na chumba, ningejaza ipi? Chuo wanasema barua mpya ni siku kumi za kazi. Naomba kujua: iandikwe anwani ya hapa peke yake, au na ya nyumbani lazima iwemo?

Haraka yangu ni hii. Mwalimu ametupa kazi ya kwanza, kila mtu aorodheshe alivyotumia tangu kuamka mpaka kulala, kisha aichore siku yake. Yangu: chai ya rangi na vipande viwili vya boflo. Basi sikupanda, mabasi ya huku hayapokei fedha mkononi. Nimekwenda kwa miguu dakika hamsini. Mkahawa wa chuo ni kadi tu. Duka la vifaa linapokea fedha, lakini noti mbili za £20 alizonipa shangazi ni za karatasi, muuzaji akanirudishia. Kwa sarafu nilizokuwa nazo nikapata penseli ya 2B na karatasi mbili za A2. Kuchapisha picha, kadi. Maji ya bomba, chupa tatu. Wenzangu wamejaza kurasa mbili, mimi mistari saba. Mwalimu akaniuliza nimesahau nini.

Mama wa Northampton

Pole sana mwanangu. Kesho nenda na BRP yako, ile kadi ya ukaazi, ndiyo wanayoitaka, hizo karatasi waachie. Mimi walinifungulia siku ile ile. Na chai ya rangi haikutoshi kwa baridi hii, mwanangu, kula. Siku yangu ya kwanza huku nilikuwa na mkate wa ufuta kwenye mkoba, mama aliufunga ndani ya khanga. Niliumaliza siku nne, khanga sikuifua mwezi mzima.

Kaka wa Leicester

Dada, BRP zimekwisha tangu 31 Desemba 2024. Tusimpoteze mtoto. Sasa ni eVisa, viza ya mtandaoni: aingie kwenye akaunti yake ya UKVI, idara ya viza ya Uingereza, atoe namba ya kuthibitisha, ile inayoanza na S. W ni ya kazi, R ya kupangia nyumba. Mimi nilipeleka ya W nikapoteza wiki. Inadumu siku 90.

Hizo noti usizitupe. Madukani ziliacha kuwa halali baada ya 30 Septemba 2022, lakini Bank of England wanabadilisha mpaka leo, na baadhi ya posta pia.

Mama wa Northampton

Sikumpoteza mtu. Nimesema lililonifaa mimi.

Mwana wa Chake, Birmingham

Usanifu ni mtaji, dada. Chora, uza mtandaoni, baada ya mwezi humtegemei mtu.

Kaka wa Leicester

Asifanye hivyo hata siku moja! Viza ya mwanafunzi hairuhusu kujiajiri, hata kwa mchoro mmoja. Kuajiriwa anaruhusiwa, na kama ni shahada basi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Tumeona watu wakifutiwa viza kwa ushauri kama huu.

Mwana wa Chake, Birmingham

Kusema tu kwa upole ungeweza. Dada, ukipata akaunti omba Oyster, kadi ya nauli ya London, ya wanafunzi wa miaka 18 na zaidi. Inapunguza asilimia 30 kwenye pasi za wiki na mwezi. Nauli ya safari moja ya basi inabaki ile ile.

Mzee aliyerudi, Wete

Nilikaa huko miaka kumi na minane, sasa niko nyumbani. Huku ni uchumaji, karafuu zimeanikwa mpaka barazani. Kila nikisikia IHS, ada ya afya ya viza, £776 kwa mwaka, naona mzee fulani juu ya mkarafuu. Mnunuzi kwa sheria ni mmoja, bei inapangwa mbali na anayepanda mti. Hilo tuliseme wazi, maana ndizo ada za watoto wetu.

Binti, mistari yako saba usiione haya. Bibi yako alisuka mkeka kwa ukindu aliouchambua na kuutia rangi mwenyewe, na ungemuuliza siku yake katumia nini, angekutajia vitu vichache kuliko wewe. Ichore siku yako kama khanga. Dakika hamsini za njia ziwe pindo, mji uwe karatasi mbili na penseli, na jina utalijua wewe.

Mama wa Northampton

Mzee umeniliza. Hali ya hewa huko vipi, vuli imeanza?

Mwanafunzi, London

Ahsanteni nyote. Namba ya S nimeitoa usiku huu. Noti za shangazi nitazipeleka. Mzee, pindo nimeshaanza kulichora, nyumba kwa nyumba tangu mlangoni kwangu mpaka chuo.

Fomu ya barua naijaza Jumatatu asubuhi. Anayejua kuhusu anwani ya Wete, niiweke au niitoe, tafadhali aniandikie kabla ya hapo.