Wakuu, filamu ya mifupa inafaa watoto mkesha wa Krismasi?

Tausi wa Tabata: Habari za jioni wakuu. Jumamosi napanda basi kwenda Moshi kula Krismasi. Nimepanga usiku wa mkesha niwaonyeshe watoto wa ukoo ile The Nightmare Before Christmas, ya mifupa inayoimba. Projekta nimeshaazima, shuka jeupe ninalo. Watoto wana miaka 4 hadi 11. Inafaa, au watalala na taa? Nawasilisha.

Kitochi: Ngoja waje wajuvi. Nimekaa paleee.

Fundi Spika: Shuka si tatizo, tatizo sauti. Sauti ya projekta ni ya nzi. Kuna harusi nilipeleka projekta, bwana harusi akaniambia spika zipo. Kufika, ni redio ya mkulima! Ukumbi mzima ukaangalia video ya sendoff kama mabubu. Beba spika dada.

Mtumishi: Krismasi ni kuzaliwa kwa Bwana. Mifupa ya nini? Waimbishe mapambio.

Kitochi: Mifupa ataikuta kwenye supu ya mbuzi tarehe 25.

Mwalimu wa Awali: Mimi naipenda sana hiyo. Ni ya 1993. Wengi humpa Tim Burton sifa zote kwa sababu wazo ni lake, lakini aliyeiongoza ni Henry Selick. Mle ndani ni midoli halisi: unaisogeza kidogo, unapiga picha, unaisogeza tena. Sekunde moja inakula picha 24, ndiyo maana kazi ilichukua kama miaka mitatu. Jack, yule mifupa mhusika mkuu, peke yake alikuwa na vichwa karibu 400. Akitaka kushangaa, wanang'oa kimoja wanachomeka kingine. Disney wenyewe waliona inatisha mno kwa watoto, wakaitoa kwa jina la Touchstone, kampuni yao nyingine, kwa hiyo hofu yako si ngeni. Wa miaka 8 kwenda juu sina shaka nao. Wadogo watalia pale gunia la Oogie Boogie, yule adui, linapofumuka uzi na wadudu kumwagika. Ila dada, unaonekana umeshaamua. Unaogopa nini hasa?

Tausi wa Tabata: Hakuna mwalimu, ni umri tu. Tena ni dakika 76, haichoshi. Na nyimbo nimeshaanza kuwafundisha kwa simu.

Mwalimu wa Awali: Basi kama ni umri nimeshakujibu.

Mama Wawili: Hakuna mtu anayefungua uzi kwa ajili ya umri tu. Sema.

Tausi wa Tabata: Haya. Baba mkwe tulimzika Oktoba, pale pale kihambani. Ukikaa barazani unaliona kaburi, msalaba bado wa mbao. Ukuta wa kutundikia shuka ndio unaotazama huko, na waya wa umeme hauvuki hapo. Watoto wote walikuwepo mazikoni. Wa miaka 4 bado anauliza babu atatoka lini. Mama mkwe sijamwambia, nitamwambia nikifika. Lakini nimeshawaahidi, na Jack mwenyewe ni muungwana, hana baya.

Mtumishi: Niliyasema mapema mkaleta supu.

Mama Wawili: Mke wa mtu unawasha mifupa mbele ya kaburi la baba mkwe na eda ya mama haijapoa? Mimi wifi zangu walininunia mwaka mzima kwa kucheka tu siku ya arobaini. Na nilichekea jikoni, sufuria ilinidondokea mguuni!

Kitochi: Sufuria ikudondokee halafu ucheke? Wifi wana haki.

Mpelelezi: Ngojeni kwanza. Tausi huyu huyu Machi alifungua uzi "Natafuta mume, sijawahi kuolewa". Leo ana mkwe, tena marehemu? Hii ni chai, tena ya rangi.

Tausi wa Tabata: Akaunti hii natumia na mdogo wangu. Halafu mtu akiolewa Juni ni dhambi?

Mpelelezi: Chagua moja. Mdogo wako, au Juni?

Fundi Spika: Nilishangaa. Mtu kaazima projekta mwezi wa 12, wakati zote zimekodishwa!

Mwalimu wa Awali: Chai au si chai, huyo wa miaka 4 ananihangaisha. Karibu na mwisho Jack anatunguliwa kwa mizinga akiwa kwenye kigari cha Santa. Anaangukia wapi? Makaburini, mikononi mwa sanamu ya malaika. Halafu anainuka anaimba. Mtoto anayeuliza babu atatoka lini, utamjibu nini dakika ile? Waonyeshe wakubwa, chumbani, mchana, na mama mkwe ajue kwanza.

Tausi wa Tabata: Kipande hicho nitakiruka kwa rimoti.

Fundi Spika: Projekta ya kuazima na rimoti yake? Wapi!

Tausi wa Tabata: Nyie mnanikatisha tamaa tu. Nilitaka kujua inafaa au haifai.

Mama Wawili: Haifai. Umesikia sasa?

Mchaga wa Tegeta: Nimechelewa kuingia, hayo ya mifupa siyajui. Dada, tiketi ya Moshi ya Jumamosi umeipata kwa nani? Nimezunguka stendi ya Magufuli tangu asubuhi, kila dirisha wanasema zimeisha.

Mpelelezi: Hilo nalo ajibu.