Mafundi wa kuchomelea watolewe mitaani Kigoma, au wabaki?

Wakuu, mtaani kwetu Mwanga wenye nyumba wanataka mafundi wa mageti wapelekwe pembeni ya mji. Mafundi wanasema huko watakufa njaa. Mimi nasema wabaki, ila si kwa namna wanavyofanya kazi sasa.

Wapo wanaodai hewa yetu ni safi, kwamba Kigoma haina viwanda, upepo wa ziwa unatutosha. Jana mwanangu alipitisha sumaku ya spika mbovu kwenye kizingiti cha dirisha letu, hatua kumi kutoka gerinda inapolia. Sumaku ikaota manyoya meusi. Hayo ni mavumbi ya chuma; ni mazito, mengi hunaswa puani na kutoka na makohozi. Kinachonitisha ni moshi wa kuchomelea. Chembe zake nyingi hazifiki maikromita 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, zinashuka mpaka kwenye vifuko vya hewa. Seli za ulinzi huzimeza, lakini metali haiozi kama mdudu wa ugonjwa. Nyingine hubaki mapafuni miaka na miaka. Mwaka 2017, IARC, shirika la WHO la utafiti wa saratani, liliuweka moshi huo kundi la 1: imethibitika unasababisha saratani kwa binadamu.

Fundi, Gungu: Kaka, nikichomelea bomba lililopakwa zinki mchana, usiku natetemeka. Napima malaria, hakuna. Kesho yake nakunywa maziwa, narudi kazini. Mkinipeleka porini, umeme atanivutia nani?

Mama, Katubuka: Pole fundi. Lakini mwanangu ana pumu, na yeye hakuichagua kazi hiyo. Hameni.

Mleta mada: Dada, pole sana kwa mtoto. Karakana isipakane na shule, zahanati wala chumba cha mgonjwa, hapo tuko pamoja. Fundi, huko kutetemeka ni homa ya moshi wa zinki, na maziwa yanakwenda tumboni, hayafiki mapafuni. Tukikuhamisha, sisi tunapumua, wewe unaendelea kuuvuta ule ule. Bora zinki iondolewe kwanza pale unapounga, uchomelee uwazi, upepo ukupige ubavuni, na uvae barakoa yenye chujio. Kitambaa hakizuii moshi ule. Gharama yake tuichangie sisi tunaoagiza mageti, maana ndio tunaokubana bei mpaka shilingi ya mwisho.

Barakoa ya namna hiyo inapatikana duka gani hapa mjini, na kwa bei gani?