Kufuta kamera kwenye kona ya picha: ni kosa la kumfukuza mtu kazi?

Mtoa mada, Ilala: Narciso Contreras alikuwa kwenye timu ya AP, shirika la habari la Marekani, iliyotwaa Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari huko, mwaka 2013 kwa picha za vita vya Syria. Baadaye akawaeleza wahariri mwenyewe kwamba kwenye picha moja ya mpiganaji alifuta kamera ya video ya mwenzake iliyoingia kona ya chini kushoto, akaziba pengo kwa kunakili ardhi ya pembeni. Januari 2014 AP ikaachana naye, ingawa picha zake karibu 500 zilikaguliwa na hiyo moja tu ndiyo ikakutwa na dosari. Adhabu ilizidi. Kamera ile haikubadili habari.

Dawati la picha, Upanga: Ilibadili, kaka. Kamera pale inamwambia msomaji kwamba mpiganaji yule hakuwa peke yake na mpiga picha mmoja.

Kariakoo: Mbona kukata ukingo mnaruhusu, dada? Angekata kona ile asingeulizwa.

Dawati la picha, Upanga: Ukikata, fremu inapungua, lakini kila kilichobaki kilikuwepo. Ukipachika, unaweka udongo ambao haukuwa pale. Mpiga picha Stepan Rudik aliikata picha yake mno, akaitia weusi na weupe wenye chengachenga. World Press Photo, shindano la kimataifa la picha za habari, haikuona ubaya. Tuzo ilimponyoka mwaka 2010 kwa kipande cha mguu wa mtu wa nyuma alichokifuta. Kidogo hivyo!

Kigamboni: Kwetu ushahidi unapotea njiani. Picha inatoka Mnazi Mmoja kwa WhatsApp, ikifika imeminywa, na taarifa za saa na kamera zimefutika. Tuma kama dokyumenti. Tunza faili la RAW, yaani picha ghafi kama kamera ilivyoinasa. Ukipiga JPEG pekee, ile iliyokwisha kuchakatwa na kuminywa na kamera, hifadhi na fremu za kabla na za baada, usifute kadi siku hiyohiyo. Mhariri naye akuze picha hadi asilimia 200 atafute kokoto pacha zenye kivuli kimoja. Hapo ndipo upachikaji unapojiumbua.

Mtoa mada, Ilala: Kosa nalikubali. Ila aliyejisema akiadhibiwa sawa na aliyefumwa, nani atajisema tena?

Dawati la picha, Upanga: Hilo lina uzito, kaka. Basi mikataba yetu itenganishe: anayekiri kabla picha haijachapwa, picha inaondolewa na anaandikiwa onyo. Ikishamfikia msomaji, mimi sitamtetea.

Kariakoo: Na anayelipwa kwa picha, asiye na mkataba wowote?