Nshachoka na gemu lakini kuziacha siwezi, nyinyi mlifanyaje?

Kijana wa Kisauni
Wadau salama? Naombeni mawazo yenu. Mie nna miaka 24, nauza spea za pikipiki Kongowea, na gemu nacheza tangu zile siku twalipa shilingi 10 kwa mechi kwenye kibanda cha PS, yaani PlayStation. Sasa nna mashine yangu nyumbani na ndio mambo yameharibika. Natoka kazini, naoga, nashika pedi ya kuchezea na moyo haumo kabisa, nikifunga bao sisikii kitu nikifungwa pia sisikii kitu, nimekinai. Juzi mamangu kaniletea chai nikamwambia namaliza hii moja, kuja kugeuka chai ishashika utandu na baadae kidogo namskia muadhini wa alfajiri. Na kibaya zaidi nisipoingia siku moja nahisi kama nna deni la watu. Simu nayo, PUBG, ile gemu ya kupigana bunduki, yaniita, klani, wenzangu wa timu, waniuliza uko wapi. Nifanyeje jamani?

Beki Tatu
Pole kakangu, hayo yashanipata. Kilichokuchosha ni zile kazi zake, ingia leo upate zawadi, cheza tano upate pakiti ya wachezaji, usipoingia wenzako wakupite, zimewekwa hivo makusudi ili urudi kila siku. Mie nilikuwa kwenye ile ligi ya wikendi ya FIFA 17, gemu ya mpira, wakati huo ni mechi 40 kuanzia Ijumaa. Mechi moja dakika 12, tia na kungojea mpinzani ni robo saa, sasa piga hesabu mwenyewe, ni saa 10 za kukaa kitako na hapo hujala wala hujaenda msalani. Kisha Septemba yatoka gemu mpya na ile timu uliyoisumbukia mwaka mzima haendi nayo mtu, waanza na wachezaji wa bure. Mie nilienda harusi ya binamu yangu Lamu, watu wanacheza chakacha na akili yangu iko kwenye mechi 11 zilizobaki, niliona haya sana siku ile. Nikaiacha ligi hiyo peke yake, mashine sikuuza. Nikawa nacheza na mtu aliyekaa kando yangu tu.

Mtu wa Majengo
Uza hiyo PS bro. Mie niliuza nikatia pesa kwenye biashara ya viazi karai na sijajuta hata siku moja

Bi Nuru
Mwanangu usiuze kitu cha pesa ukiwa na uchovu, lala kwanza. Mie ni nesi na nna vijana wawili wa rika lako kwa hivyo haya nayaona kazini na nyumbani. Shirika la Afya Duniani limeutia ugonjwa wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, ilioanza kutumika Januari 2022, lakini si kila anaecheza sana ni mgonjwa. Huangaliwa kama mtu ashindwa kujizuia, gemu imetangulia mbele ya kila kitu, na aendelea hata akiona yamuharibia, na kwa kawaida hali hiyo iwe imefika miezi 12. Wewe waenda kazini na waona tatizo lako mwenyewe. Ila nakuuliza na ujibu kwa ukweli, ni gemu tu zilizopoteza ladha, au na chakula, na marafiki, na swala pia? Kama ni vyote basi hiyo sio habari ya gemu, huenda ni sonona, nenda ukaonane na daktari, hata hospitali ya Port Reitz kuna huduma za afya ya akili na hakuna aibu yoyote. Na kulala alfajiri kila siku pekee kwatosha kumfanya mtu asiskie raha ya kitu.

Kijana wa Kisauni
Wiki tatu sasa, nimerudi kuwapa habari. Bi Nuru nashkuru sana mamangu, niliogopa swali lako nikakaa nalo siku mbili, jibu ni gemu tu alhamdulillahi. Nimezima notifikesheni zote, klani nimewaaga vizuri, mmoja kanuna. Siku nne za mwanzo zilikuwa ngumu, mkono waenda kwenye simu wenyewe. Jioni nikawa naenda pale Mama Ngina kando ya bahari na mdogo wangu, twala mihogo ya ndimu na pilipili twatazama meli zaingia Kilindini, zapita karibu hata mabaharia wawaona.

Jana ndio nimeshika pedi tena, nimemwita mtoto wa jirani tukakaa mkekani. Mechi tatu, mbili kanifunga, ya mwisho dakika ya 88 kwa kichwa, karuka kamwaga jagi la maji nami nimepiga ukelele mpaka mamangu katoka chumbani auliza kuna nini. Saa nne nilikuwa nshalala. Beki Tatu, Jumamosi uko wapi?